Risepta ya seli T haina mkia, sasa ujumbe wafika vipi ndani?

BintiKisauni
Asalaam aleikum wanajamvi, naomba msaada kwa wenye kuyafahamu mambo ya kinga. Mie nasomea kazi za maabara hapa Mombasa na sa hii tuko kwenye seli T, zile seli za damu za kinga. Mwalimu kachora risepta ya seli T ubaoni, yaani protini yake ya kupokea ishara, minyororo miwili, alfa na beta, huko nje ya utando imejitokeza vizuri kabisa ila upande wa ndani kuna kijimkia tu, asidi amino chache hazifiki hata kumi. Sasa kama ndani hakuna kitu, seli yajuaje kwamba risepta ishakutana na antijeni, yaani kipande cha kitu kigeni, huko nje? Alafu ubavuni kaandika CD3, zeta, CD4, Lck, mishale kibao, kasema zote zashikamana na risepta, kipindi kikaisha. Zashikamana kwa nini? Na tutajuaje ni kweli, manake utando umejaa protini za kila aina, mbili kuwa jirani si lazima ziwe zafanya kazi pamoja. Nataka kufahamu, sitaki kukariri.

fundi_wa_tudor
Waaleikum salaam dadangu, hapo umeshika penyewe. Risepta ile kazi yake ni kutambua tu. Ni kama mlinzi wa geti anayezijua sura zote za mtaa lakini hakupewa simu, wenye simu ni wale waliosimama naye, yaani protini za CD3 (minyororo ya gama, delta na epsiloni) na zeta.

Sasa zashikamana vipi. Utando wa seli ni mafuta, na chaji haikai vizuri ndani ya mafuta, kwa hivo ukikuta asidi amino yenye chaji imewekwa katikati ya utando jua iko pale kwa sababu. Alfa inazo mbili zenye chaji chanya, arjinini na laisini. Beta ina laisini moja. Upande wa wenzao kila mnyororo una asidi moja yenye chaji hasi, zote ni aspatiki isipokuwa CD3 gama ambayo yake ni glutamiki. Basi zavutana: laisini ya alfa yashikwa na jozi ya delta na epsiloni, laisini ya beta yashikwa na jozi ya gama na epsiloni, arjinini ya alfa yashikwa na zeta mbili. Hesabu utaona kila chanya moja imepata hasi mbili. Minyororo nane jumla, na mwaka 2019 ilipigwa picha kwa darubini ya elektroni ya baridi kali ikaonekana imekaa pamoja hivo hivo. Na seli haifanyi mchezo, mkusanyiko usipokamilika risepta haitolewi nje, yazuiliwa kule ndani inakotengenezwa kisha yavunjwavunjwa.

Mikia sasa. Zeta moja ina mkia wa asidi amino zaidi ya 100 na ndani yake sehemu tatu ziitwazo ITAM, mpangilio ambao Michael Reth aliutambua mwaka 1989. Kila CD3 ina moja. Kwa hivo risepta moja ina ITAM 10, na kila ITAM ina tairosini mbili, nayo ni asidi amino pia. Antijeni ikishikwa, Lck, ambayo ni kimeng'enya, yabandika fosfati kwenye hizo tairosini, kimeng'enya kingine ZAP-70 yaja kujibandika hapo, nayo yaanza kuamsha protini nyingine, LAT na SLP-76, ndo ujumbe washuka mpaka kwenye jeni. Na Lck imefikaje pale? Yabebwa na CD4 au CD8, protini nyingine za utando wa seli T. Mkia wa CD4 una asidi amino za sisteini mbili, Lck nayo ina mbili, katikati wakakamata chembe moja ya zinki wote wanne. Mie kila nikiifikiria hiyo zinki nasema subhanallah.

Seli B, zile za kutengeneza antibodi, hivo hivo, tena huko risepta ni antibodi ya IgM iliyo kwenye utando, mkia wake ni asidi amino tatu tu, ujumbe wapitia wenzake Ig-alfa na Ig-beta.

SimuliziZaMajengo
Fundi kaeleza vizuri, mie nijaze hapo kwenye "tutajuaje" manake watu wengi waparuka na ndo penye utamu. Njia ya zamani na bado yatumika: wavunja utando kwa sabuni ya maabara, watia antibodi ya protini moja iliyonatishwa kwenye shanga ndogo, waivuta, waosha, kisha waendesha kwenye jeli uone nani kaja naye.

Lakini yote yategemea sabuni. Ukitumia sabuni kama NP-40 au Triton X-100 utavuta CD3 na risepta isionekane, useme hawajuani kabisa, kumbe sabuni ndo imewaachanisha. Ukitumia dijitonini, sabuni iliyo laini zaidi, waja pamoja. Dijitonini yenyewe yatoka kwenye mmea wa Digitalis na ina vishindo vyake, waichemsha mpaka maji yawe maangavu, yapoa, ukiiacha siku kadhaa yarudi kukaa chini kama unga mweupe, basi ukiona unga usiitie, chemsha upya au tengeneza nyingine. Na joto letu hili la Mombasa barafu ya ndoo yaisha hujamaliza kuosha, badilisha, usione uvivu, manake vimeng'enya vya kukata protini vikipata joto vyala sampuli yote.

Upande wa pili, sabuni laini kupita kiasi nayo yadanganya. Yaacha vipande vya utando havijayeyuka, ukivuta mmoja waja majirani wote waliokuwa kwenye kipande kile, na hilo ndo ulilouliza wewe. Kwa hivo kuna jaribio mie nalipenda sana na lafaa kufanywa kila mara: chukua seli zenye protini A peke yake na seli zenye B peke yake, zichanganye, zivunje pamoja kwenye chupa moja. Ukivuta A na B akaja, basi wamekutana kwenye chupa, si kwenye seli. Wasipokutana hapo lakini wakaja pamoja kutoka kwenye seli yenye zote mbili, angalau una neno la kusema. Kisha wathibitisha kwenye seli nzima ambayo haijaguswa na sabuni, kwa FRET kwa mfano, rangi mbili ambazo moja haimulikiwi na mwenzake mpaka wawe ndani ya nanomita 10 hivi.

mama_kongowea
Mie niko kliniki ya CCC, ya wenye virusi vya Ukimwi, CD4 ndo twaiona kila siku lakini twaihesabu tu, hatuulizi yafanya nini pale kwenye seli. Virusi vya Ukimwi vyatumia huko kushikana kunakozungumzwa hapa. CD4 ilijulikana kuwa mlango wake tangu 1984, lakini CD4 peke yake haikutosha, na mpaka 1996 ndo ikapatikana protini ya pili ya utando, CXCR4 kisha CCR5. Protini ya kirusi, gp120, yashika CD4, yabadilika umbo, ndo pale yapata pa kushikia CCR5. Dawa ya maraviroc iliyoidhinishwa Marekani 2007 yaziba hiyo ya pili. Na kirusi kikishaingia chatoa protini yake Nef, yaikamata CD4 kwenye mkia na kuivuta ndani, karibu na pale pale Lck iliposhikia.

BintiKisauni
Mashallah, shukran sana nyote, sasa naona picha. La mwisho, je mshirika mmoja aweza kuhudumia risepta nyingi, ama kila risepta ina wake?

fundi_wa_tudor
Aweza sana. Mnyororo wa gama (si ile gama ya CD3) wa risepta za IL-2, mojawapo ya protini ambazo seli za kinga zapashiana ujumbe, watumiwa pia na za IL-4, 7, 9, 15 na 21, na mkia wake ndo wabeba kimeng'enya JAK3. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ikiharibika risepta zote sita zapotea kwa mpigo, mtoto wa kiume azaliwa bila seli T wala seli NK (seli nyingine za kinga), seli B anazo lakini hazifanyi kazi. JAK3 ikiharibika ugonjwa ni ule ule, tofauti ni kwamba hapo wasichana nao waupata.

mama_kongowea
Na hilo latuhusu wodini, manake BCG, chanjo ya kifua kikuu, ni bakteria hai na hapa kwetu mtoto apewa mara tu akizaliwa, na kwa mtoto kama huyo yaweza kusambaa mwili mzima. Mama akikwambia amezika wavulana wakiwa wachanga kwa maambukizi, ama ndugu zake wa kiume walikwenda hivo hivo, usichome kwanza, mwite daktari.