Tupeane uzoefu: kuajiri na kubakiza wataalamu Weusi Marekani, Atlanta si Minneapolis

Nahodha wa Ajira (mwanzisha mada)

Wakuu, hamjambo. Humu tuna watu wa rasilimali watu, mameneja na mawakala wa ajira walio majimbo tofauti ya Marekani, na mada hii tumekuwa tukiigusa vipande vipande. Tuikusanye hapa. Lete kinachofanyika, hatua na namba zake, na pale kinapoharibikia.

Naanza. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni makao makuu kuandika mpango mmoja na kuusambaza matawi yote. Atlanta karibu nusu ya wakazi wa jiji ni Weusi. Seattle na Portland hawafiki mmoja kati ya kumi. Wataalamu Weusi wanaondoka kazini kote huko, ila kwa sababu zinazopingana. Atlanta, Houston, Charlotte au eneo la Washington DC, mtu anaondoka kwa kuwa ana pa kwenda: mwajiri mwingine yuko mtaa wa pili, aliosoma nao wamejaa humo, na kubadili kazi hakumlazimu kubadili nyumba wala shule ya watoto. Portland, Minneapolis au Salt Lake City anaondoka kwa kuwa kazi ikimshinda hapo, hana pengine pa ngazi yake bila kufunga virago.

Wa kwanza utambakiza kwa cheo na mshahara unaokwenda na soko. Wa pili anahitaji maisha kamili mjini, mwenzi wake akiwemo. Ukampa huyu dawa ya yule, umepoteza hela na mtu pia.

BintiPangani

Niwahi la sheria, maana mtu anaweza kuitia kampuni kesini kwa nia njema kabisa. Title VII, sehemu ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inakataza kumwajiri, kumnyima au kumpandisha mtu kwa sababu ya rangi yake, iwe rangi yoyote. Section 1981, kifungu chenye asili mwaka 1866, kinakataza ubaguzi wa rangi kwenye mikataba yote. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2023, iliyokataza vyuo vya Harvard na North Carolina kudahili kwa kuangalia rangi, ilihusu udahili wa vyuo, lakini kesi dhidi ya waajiri ziliongezeka baada yake. Januari 2025 Rais Trump alifuta amri ya mwaka 1965 iliyowabana wakandarasi wa serikali wachukue hatua za usawa kwenye ajira. Juni 2025, katika kesi ya Ames dhidi ya Ohio, mahakama ilisema kwa kauli moja kwamba mlalamikaji wa kundi la wengi habebi mzigo mzito zaidi wa ushahidi.

Kwa vitendo: panua wavu, usichague samaki kwa rangi. Usitenge nafasi, usifungie mafunzo ya kazi kwa rangi moja, usimfungie meneja bonasi kwenye idadi ya Weusi aliowaajiri. Ruksa kutangaza mahali pengi zaidi, kuuliza wote maswali yale yale, na kukagua takwimu za mishahara na vyeo. Vikundi vya wafanyakazi viwe wazi kwa yeyote anayetaka kuingia. Bado kazi ya kufanya ni kubwa sana ndani ya mipaka hiyo.

Mkufunzi GA

Ahsante dada. Hapo kwenye kupanua wavu, nizungumzie vyuo vya kihistoria vya Weusi. Viko takribani mia moja, vingi Kusini, na havifanani. Ukitaka wahandisi, nenda North Carolina A&T pale Greensboro. Xavier ya New Orleans ina nguvu ya famasia na wanaokwenda udaktari. Jijini Atlanta, vyuo vya Spelman, Morehouse na Clark Atlanta vinapakana, kwa hiyo safari moja inafika vyuo vitatu.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi. Nafasi za mafunzo ya kiangazi kwa wahandisi na wahasibu zinagombewa Agosti hadi Oktoba ya mwaka uliotangulia. Ukifika na meza yako Aprili, wazuri wameshasaini. Chagua vyuo vitatu, rudi kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo, na umpeleke mhandisi anayefanya kazi yenyewe. Mwanafunzi akiuliza mnatumia programu gani na mtu wa HR (rasilimali watu) akajibu "nitakuulizia", umempoteza papo hapo.

Mafunzo ni wiki 10 hadi 12. Lipia malazi. Mwanafunzi wa Greensboro aliyepangiwa San Jose hawezi kulipa amana ya chumba kabla ya mshahara wa kwanza, na atakayeweza ni yule mwenye wazazi wenye uwezo. Ofa ya kudumu itoke kabla hajarudi chuoni Agosti. Na lile sharti la wastani wa alama za chuo wa 3.5 kati ya 4 lichunguzeni: linamkata anayefanya kazi saa 20 kwa wiki kulipia ada, na mara nyingi huyo ndiye anayejua kufika kazini kwa wakati.

Wenye uzoefu hawapatikani vyuoni. Watafute kwenye vyama vya taaluma, kama NSBE ya wahandisi iliyoanzia Purdue mwaka 1975, au NABA ya wahasibu iliyoanzishwa mwaka 1969.

Mhasibu_DMV

Kaka, wavu ukipanuka na usaili ukabaki wa mazoea, hamna kitu. Kuna watafiti waliotuma maombi bandia takribani 83,000 kwenye kampuni 108 kubwa, wasifu unaolingana, majina tofauti. Majina yanayosikika ya Wazungu yaliitwa zaidi kwa kama alama 2 za asilimia, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoka kwa kampuni chache. Maana yake penye tatizo pana utaratibu mbovu wa ndani, na utaratibu unarekebishika.

Maswali sita, yale yale kwa wote. Kila swali alama 1 hadi 5, na iandikwe mapema jibu la 1, la 3 na la 5 linafananaje. Kila msaili aandike alama zake kabla hamjazungumza. Mkubwa wa jopo aseme wa mwisho, maana akianza yeye, wengine wanamfuata.

La huku Washington: mwaka 2025 wafanyakazi wengi wa serikali walitoka kazini, na Weusi ni sehemu kubwa ya watumishi wa shirikisho. Wengi wana wasifu wa zamani wa kurasa tano au sita, kwa kuwa serikali ndivyo ilivyotaka. Wasaili wa kampuni binafsi wanautupa wakidhani mtu hajui kuandika. Usiutupe. Tafuta daraja lake la mshahara serikalini: GS-13 ni mtaalamu aliyekomaa, GS-14 na 15 mara nyingi amesimamia watu au bajeti. Muulize bajeti ilikuwa ya kiasi gani na nani alisaini.

Mkufunzi GA

Nimesahau moja la hapa Atlanta. Ofisi ikihamia Alpharetta, kaskazini, tazama ramani kwanza. Treni ya MARTA inaishia North Springs, haifiki huko. Familia nyingi za wataalamu Weusi ziko kusini-magharibi mwa jiji na DeKalb kusini. Kampuni inahama kilomita 40, inaita "ofisi mpya nzuri", halafu inashangaa watu wa upande mmoja wa mji wakiacha kazi ndani ya mwaka. Kabla ya kusaini pango, weka anwani za wafanyakazi wote kwenye ramani na upime dakika za saa 1:30 asubuhi, siku ya Jumanne.

Nesi Mwandamizi MN

Mkuu Nahodha umesema kweli kuhusu huku kwetu. Nilete hesabu ya hela ya kuhama, maana hapo ndipo imani inapovunjikia.

Tangu 2018 hela ya kuhamisha mtu inakatwa kodi kama mshahara. Umemwahidi dola 10,000 aje Minneapolis. Serikali kuu inazuia 22%, makato ya pensheni na bima ya afya ya uzeeni (Social Security na Medicare) 7.65%, jimbo la Minnesota 6.25%. Jumla 35.9%. Kwenye akaunti anaona 6,410. Lori, amana na pango la mwezi wa kwanza vinaimaliza kabla hajanunua koti la baridi. Ukitaka apate 10,000 kamili, lipa kama 15,600. Texas au jimbo la Washington, kusiko na kodi ya mapato ya jimbo, ni kama 14,215. Iandikwe kwenye barua ya ofa kwamba kodi ni juu ya mwajiri.

Na kile kifungu cha "ukiondoka kabla ya miezi 24 utarudisha zote" kinawafukuza mwezi wa 25. Deni lipungue kila mwezi, moja ya ishirini na nne.

Kwa wauguzi: leseni ya majimbo mengi ya Nurse Licensure Compact, mkataba wa majimbo kutambua leseni moja, inafanya kazi Texas na Georgia. Minnesota, California na New York hazimo. Muuguzi kutoka Dallas lazima aombe leseni ya hapa, na usimpangie tarehe ya kuanza kabla haijatoka, la sivyo anakaa wiki kadhaa bila mshahara.

Mwenzi wake naye aulizwe anafanya kazi gani siku ile ile ofa inapotoka, mtu wa HR ampigie simu mwajiri mmoja au wawili. Toa pia siku mbili za kuja kuona mji, ikiwemo Februari. Ukimwonyesha Juni tu, umemficha jambo.

Tumaini wa Lowell

Shikamoo mama, na ahsante kwa hesabu. Niongeze dogo. Mwajiri anawahesabu Mkenya, Mkongo na Mmarekani Mweusi wa Memphis kuwa kitu kimoja. Mkenya aliyesoma Nairobi anahitaji cheti chake kitathminiwe na huenda ana suala la viza. Wa Memphis hana hilo, lakini hana mjomba mjini. Huku Lowell, Massachusetts, au kule Dallas, Mkenya anakuta kanisa na harambee. Kumwelekeza wa Memphis huko ukidhani umemaliza ni kumkosea. Waulizeni wote wapya swali moja: wiki ya kwanza unahitaji nini?

FundiMitambo Houston

Naleta jambo linaloonekana dogo. Mitambo ya mafuta na kemikali kando ya Houston Ship Channel inataka wahandisi wanyoe ndevu, kwa sababu kipumulio kinachobana uso hakizibi juu ya ndevu. Kanuni ni ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, namba 1910.134, na ni sahihi. Lakini wanaume Weusi wengi wakinyoa kila siku wanatoka vipele: unywele uliojikunja unarudi ndani ya ngozi, pale shingoni panavimba na kuacha makovu meusi. Mtu mzuri anahamia ofisi za mjini na kwenye karatasi inaandikwa "sababu binafsi".

Kipo kipumulio chenye feni na kofia iliyolegea, hakihitaji kubana uso wala kipimo cha kubana. Bei yake ni kubwa zaidi na betri lazima zichajiwe kila zamu. Ila sehemu za hatari ya kifo cha papo hapo hakiruhusiwi, huko ni mtungi na barakoa inayobana tu. Kwa hiyo orodhesha kazi moja moja: ipi inahitaji kipi. Mara nyingi mhandisi wa mchakato hahitaji kuingia sehemu hizo kabisa. Liandikwe kwenye tangazo la kazi, mtu asiligundue siku ya kwanza getini.

BintiPangani

Hilo la ndevu ni la maana sana, kaka. Nirudi kwenye ngazi ya kuingilia, kwa sababu huko Seattle na San Francisco ndiko panapovuja. Mtu amesailiwa kwa ngazi ya juu, ofa inatoka ya chini, "utapanda haraka". Chukua dola 118,000 badala ya 132,000. Wote wakiongezwa 3% kwa mwaka, baada ya miaka mitano amepungukiwa zaidi ya 74,000, hisa hazijahesabiwa. Akijua, na atajua, anaondoka. Kila ofa iliyoshushwa ngazi ipitiwe na mtu wa pili, sababu iandikwe, na irudiwe kutazamwa baada ya miezi sita.

Kisha daftari la kazi. Safu tano: kazi gani, nani kapewa, nani aliamua, ukubwa wake kwa dola au saa, nani alisimama mbele ya mteja. Lijazwe kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kwenye ukaguzi wa hesabu na uwakili, mtu anaachwa bila kazi nzito miezi minne, halafu anaambiwa saa zake ni chache. Hakuna aliyemchukia, ila kila meneja alimwita yule aliyemzoea.

Mhasibu_DMV

Swali dada: wanaoondoka tuwaulize lini? Mahojiano ya siku ya mwisho hayatupi kitu.

BintiPangani

Siku ya mwisho anahitaji barua nzuri ya wadhamini, hatasema. Mpigie baada ya siku 90, apige mtu wa nje ya idara ile. Jibu likija "nilipata mshahara mzuri zaidi", muulize ni mwezi gani alianza kujibu simu za mawakala. Halafu fungua daftari la kazi uone mwezi ule na miwili iliyotangulia alikuwa amepewa nini.