Tupeane uzoefu: kozi iliyokuchelewesha kuvaa joho

Kalamu Nyekundu: Wakuu salaam. Jana mdogo wangu wa mwaka wa kwanza kanipigia simu, "Kaka, hizi krediti ndiyo hela za boom, zile za mkopo wa kujikimu?" Nimecheka mpaka nikakumbuka kwamba hata mimi nilifika mwaka wa pili sijui kuwa shahada ya miaka 3 hapa Tanzania inataka krediti 360, yaani jumla ya uzito wa kozi ulizofaulu. Haya, kozi gani ilikutoa jasho?

Njugu Mawe: Stadi za Mawasiliano, mwaka wa kwanza. Sitaki kuongea zaidi.

Binti Ukerewe: Tupo wengi 😂

Mtoto wa Pangani: Mimi Kiswahili nimekinyonya kwa mama. Nikachukua fonolojia ya Kiswahili nikijua ni mteremko. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikauliza kwa nini "mu+alimu" inakuwa "mwalimu". Nikajibu: kwa sababu ndivyo tunavyosema. Sapu, nikarudia mtihani.

Njugu Mawe: Ungepewa hata alama moja ya ukweli.

Mwana Kyela: Mmenikumbusha 2013, ngoja niteme. Mwaka wa pili nilijisajili Kifaransa cha mwanzo kama kozi ya hiari, krediti 12. Wiki ya tatu mwalimu akatufundisha kuhesabu. Sabini kwao ni "sitini na kumi". Tisini ni "nne mara ishirini na kumi". Nikafunga daftari, nikahamia kozi ya historia kwa rafiki yangu. Nilihudhuria, nikafanya majaribio, siku ya UE nikajiongeza kwa kalamu chini ya karatasi ya mahudhurio, maisha yakaendelea. Kwenye mfumo wa usajili wa chuo sikugusa kitu.

Mwaka wa tatu orodha ya wahitimu ikabandikwa. Nikapitisha kidole kwenye ubao mara nne, jina hakuna. Ofisini yule mama wa kumbukumbu akanigeuzia kompyuta: Kifaransa, hakuna matokeo. Historia, hukujisajili. Jumla krediti 348. Alama zangu za historia zilikuwepo kwenye daftari la mwalimu, ila hazikuwa na pa kukaa.

Sasa mama alikuwa keshapanda basi. Nikampokea Ubungo na shangazi wawili, vitenge sare, mchele debe zima na jogoo mmoja mzima kafungwa miguu. Nilishindwa kusema siku mbili. Usiku wa pili anachambua mchele kwenye ungo, nikamwambia. Hakupaza sauti. Aliendelea kutoa chuya, halafu akauliza, "Hicho Kifaransa ndicho kingekusaidia kulima mpunga?" Wakarudi Kyela na vitenge vyao. Nilirudia mwaka uliofuata, nikapata C.

Binti Ukerewe: Jamani mama 😭

Mtoto wa Pangani: Na jogoo?

Mwana Kyela: Alirudi naye.

Jirani wa Minnesota: Poleni. Huku Marekani tunamaliza na krediti 120 tu, na vyuo vingi vinakulazimisha usome lugha ya kigeni. Mimi chuo kilikubali Kiswahili changu, nikasamehewa. Nyie 360 za nini?

Njugu Mawe: Ndiyo maana vyeti vyenu vyepesi.

Jirani wa Minnesota: Vyepesi kivipi kaka?

Kalamu Nyekundu: Msigombane, ni vipimo viwili tofauti. Krediti yetu moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje. Ya kwao ni saa 1 darasani kila wiki na 2 za kujisomea, kwa wiki kama 15, yaani saa 45. Zidisheni wenyewe.

Njugu Mawe: 3,600 kwa 5,400. Nimefuta kauli, ila sijaomba radhi.

Mkamba wa Machakos: Kwetu Kenya tunaziita yuniti, na ugonjwa wetu ni alama kupotea. Umefanya mtihani, umekaa mbele ya mhadhiri kabisa, lakini kwenye matokeo kuna kistari tu. Mimi nilitafuta kistari changu miezi saba. Weka risiti na kila karatasi iliyosahihishwa.

Binti Ukerewe: Mwambieni huyo mdogo uzito wa kozi. Mimi nilipata A kozi ya krediti 8 na C ya krediti 12, nikajiona niko vizuri. A ni 5, C ni 2: arobaini na ishirini na nne, gawanya kwa 20, unapata GPA, yaani wastani, wa 3.2. Ningegeuza, A kwenye ile ya 12, ni 3.8. Daraja la pili la juu la shahada linaanzia 3.5. Nilikesha kwenye kozi isiyo sahihi.

Njugu Mawe: Kesha kote.

Mtoto wa Pangani: Lala, GPA ya 2.7 nayo inavaa joho.

Binti Ukerewe: Ukiitwa kwenye usaili usituulize.

Mtoto wa Pangani: Mwana Kyela, Kifaransa umekitumia wapi?

Mwana Kyela: Popote pale hapana. Ila nikienda nyumbani watoto wananiita Bonjuu. Mama ndiye kawafundisha.

Kalamu Nyekundu: Dogo yupo hapa pembeni yangu, anauliza achukue Kifaransa au Kichina.

Njugu Mawe: Kichina.

Binti Ukerewe: Asithubutu! Achukue lolote, ila apige picha ukurasa wa usajili siku hiyo hiyo.

Mtoto wa Pangani: Akibadili, abadili na kwenye mfumo. Asije akamtesa jogoo wa watu.