"Nachelea" maana yake nini hasa? Mi nilidhani ni kuchelewa

Mwenye swali:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada na hili neno kuchelea. Wiki iliyopita nilimuomba rafiki yangu aniazime kamera kwa shughuli ya kifamilia, akanijibu kwa mesej "ndugu yangu nachelea kukupa hiyo kamera". Mi nikaelewa anachelewa, yaani atanipa ila sio leo, nikamjibu hamna shida, nikakaa nasubiri siku tatu nzima, asubuhi ya shughuli nampigia nimpitie anashangaa, ananiambia si nilishakwambia? Iliniuma kwa kweli, maana nilishawaahidi watu picha. Sasa alikuwa ananikatalia au? Na kwanini asiseme tu nasita?

Kalamu Nyeusi:
Pole sana ndugu, herufi moja tu imekuponza. Kuchelea inatoka kwenye cha ya kuogopa, ile ile ya mcha Mungu na uchaji. Kuchelewa inatoka kwenye cha nyingine, ya kumekucha, yaani kunakucha na wewe bado hujafika. Angalia methali, mchelea mwana kulia hulia yeye. Huyo mzazi hamwogopi mtoto, anaogopa kile kilio, basi anashindwa kumkanya. Rafiki yako vilevile hakuogopi wewe, kuna kitu anakiogopa huko mbele, labda kamera kuvunjika.

Binti Msomaji:
Mi naona mnakuza mambo. Nachelea kusema, nasita kusema, si kitu kimoja?

Kalamu Nyeusi:
Hapana dada, zinakaribiana tu. Kusita ni kusimama, ulikuwa unaenda ukasimama, ndo maana tunasema kusitisha mapigano, na ukisitasita maana yake unaenda unasimama, unaenda unasimama. Mtu anaweza kusita njia panda kwa sababu tu hajui ashike wapi, hana hofu yoyote. Kuchelea lazima kuwe na hofu ya matokeo, na ndo maana mara nyingi utaikuta na asije, "alimshika mkono akichelea asije akaanguka". Halafu kuna kitu kinanifurahisha sana kwenye hili neno, mtu akikwambia "nachelea kusema huyu bwana katudanganya" ujue hapo ameshasema! Ameitoa ila ameitanguliza hofu yake ili usimchukulie mkali.

Binti Msomaji:
Hapo kwenye asije nimekuelewa, sikuwahi kuliona hilo.

Babu wa Methali:
Wajukuu naomba niongeze shingo upande, maana watu wanaichanganya humo humo. Shingo upande ni ya mtu anayefanya lakini moyo hautaki. Angekupa kamera kwa shingo upande ungeipata, ila ungemuona anavyoitoa polepole kwenye begi, anakuhesabia betri na mkanda mara mbili, na usiku anakupigia kuuliza kama iko salama. Mimi aliyechelea akasema mapema namheshimu zaidi.
Na jingine, naona watu wanaandika "sichelewi kusema" wakitaka kusema "sichelei kusema". Jamani ni vitu viwili. Sichelei kusema ni nasema wazi bila woga. Hachelewi ni mwepesi wa jambo, kama tunavyosema fulani hachelewi kukasirika. Ukizibadilisha unajitangaza mropokaji bila kujua.

Mwenye swali:
Asanteni sana, babu shikamoo. Nimeirudia ile mesej sasa hivi na kweli ameandika nachelea, hakuna w kabisa, ni macho yangu tu yalisoma nilichokuwa nakitaka. Nimemwandikia hivi, "kumbe ulikuwa unachelea isije ikaharibika, nisamehe sikukuelewa, siku nyingine njoo nayo upige mwenyewe". Amejibu sawa, na kwamba siku zote hizi alikuwa anachelea kunipigia, akidhani nimemnunia.