Wauzaji wa vipuri vya baiskeli Mtwara, pimeni foku kabla ya kutuuzia

Ndugu wanajamvi, huu ni mwezi wa tatu natafuta foku ngumu ya baiskeli (uma unaoshika gurudumu la mbele), isiyo na shokapu, na nimeshailipia mara mbili bila kuipata.

Naishi Mikindani na kazi yangu iko Mtwara mjini, kwa hiyo kila siku napanda baiskeli ya milimani ya mtumba, ya tairi za inchi 26, kwenye lami. Fremu ni nzima kabisa. Kilichokufa ni foku ya shokapu: chumvi ya bahari imeyala mabomba yake, sili zimechanika, na kila ninaposimama kwenye pedali inabonyea na kumeza nguvu zangu. Foku ngumu ya chuma ni nyepesi zaidi na haina springi wala sili za kuharibika.

Duka la kwanza nililieleza wazi kwamba bomba la shingo, lile la foku linaloingia kwenye fremu, ni la inchi moja na moja ya nane, lisilo na nyuzi za skrubu, na kwamba breki yangu ni ya diski. Nikauziwa kwa shilingi 45,000 foku ya inchi moja, yenye nyuzi, isiyo na sikio la kufungia breki ya diski, kwa maelezo kwamba "ni ya 26, itaingia". Haikuingia, na fedha sikurudishiwa.

Ya pili niliagiza Dar es Salaam, ikaja kwa basi, shilingi 110,000 bila nauli ya mzigo, wakati foku mpya ya shokapu nimeiona ikiuzwa 60,000. Hii ilikuwa na bomba sahihi na sikio la diski, lakini kutoka kwenye ekseli hadi kwenye kiti cha beringi ya chini ina sentimita 39 na nusu, ilhali ya zamani ina 47, na hata ukitoa sentimita mbili ambazo shokapu huzama ukishakaa, bado mbele kumeshuka kupita kiasi. Usukani umekuwa mwepesi hadi unatisha, viganja vinabeba uzito wote, na pedali inagusa lami nikikata kona. Nilimwuliza muuzaji urefu huo kabla ya kulipa, akanijibu kwamba foku zote za 26 ni sawa. Si kweli! Inchi 26 ni kipimo cha gurudumu; hakisemi lolote kuhusu urefu wa foku, unene wa bomba wala aina ya breki, na muuzaji anayekataa kushika futi kwa dakika moja hana haki ya kuniambia kwamba mali ikishafungwa hairudi.

Kama kuna mtu kati ya Lindi na Masasi mwenye foku ngumu ya sentimita 44 hadi 45, ya diski, hata iliyotumika, kwa bei isiyozidi 70,000, naomba aandike hapa vipimo vyake. Nitakuja na futi yangu.