Tupeane uzoefu: ratiba ya sherehe ya harusi ukumbini Tanga, nini kilikwenda na nini kilikwama

Mjomba wa Chumbageni
Habari za jioni ndugu zangu. Mwezi wa 12 tunamuoza mpwa wangu hapa Tanga mjini, na kamati imenikabidhi ratiba ya ukumbini. Nimeipokea kwa moyo wote kwa sababu harusi ya mdogo wangu, miaka 4 iliyopita, iliniumiza. Kadi ilisema saa 12 jioni. Maharusi waliingia saa 3 kasoro. Chakula kimetoka saa 5 na nusu, wazee wa Muheza wameshaondoka, maana gari walilokodiwa lilikuwa na muda wake. Baba yetu mkubwa, aliyemlea mdogo wangu tangu darasa la 1, alirudi kwake na njaa usiku wa harusi ya mtoto wake. Hajawahi kulitaja hata siku moja, na hapo ndipo panaponiuma.

Mliosimamia, mliopika, mliooa na kuolewa: nini kitangulie, nini kifupishwe, nini kiachwe kabisa?

Msema Harusi
Pole sana mkuu. Mimi ni MC, nimeanza kushika kipaza sauti tangu nikiwa kijana wa Makorora. Ratiba anza kuiandika kutoka mwisho. Uliza ukumbi unatakiwa kuachwa saa ngapi, kisha rudi nyuma. Kama ni saa 6 usiku, muziki wa wazi uwe umeanza saa 4 na nusu, la sivyo vijana wataona hawakusherehekea.

Kinachokula usiku ni zawadi. Harusi moja nilipewa orodha ya makundi 42: ofisini kwa bibi harusi, kikoba cha mama, majirani, waliosoma naye, shangazi wa huku, shangazi wa kule. Kila kundi linaingia linacheza na wimbo wake. Ukilipatia kila kundi dakika 2 tu, tayari ni saa nzima na dakika 24, na hakuna kundi linalotosheka na dakika 2. Siku hizi nakaa na wazazi wiki mbili kabla, tunakubaliana: wazazi na walezi wanaitwa peke yao, wengine wote wa upande mmoja wanaunga mstari mmoja, wimbo mmoja mrefu. Nikiwaeleza mapema hakuna anayenuna. Nikisubiri kuwaambia ukumbini, ugomvi.

Utambulisho nao: msemaji mmoja kila upande, na majina ayasome kwenye karatasi. Niliwahi kumwacha msemaji ataje kwa kichwa, akamsahau mama mdogo wa bwana harusi. Yule mama alikaa mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Tangu siku ile karatasi naishika mwenyewe.

Bi Mkubwa wa Barabara ya 8
Mwanangu wa Chumbageni, mimi ni mpishi, nimepikia harusi za Ngamiani hii tangu wanangu wadogo. Ngoja nikwambie jambo ambalo kamati haziniulizi. Zinaniuliza kilo ngapi za mchele, haziniulizi sufuria lipakuliwe saa ngapi.

Pilau ikishaiva na kupaliwa makaa juu, ukiifunika vizuri inakungoja saa moja na nusu, saa mbili. Ikipita hapo, chini inashika na juu inakauka, na mgeni atasema mpishi hajui. Kachumbari ndiyo haingoji kabisa. Ikitiwa chumvi na ndimu mapema inakuwa mchuzi. Kwa hiyo mtu mmoja wa kamati anipigie simu maharusi wanapotoka saluni, si wanapofika mlangoni.

Halafu foleni. Mtu mmoja akipakua haraka sana anachukua sekunde 15. Wageni 240 kwa mstari mmoja ni saa nzima ya kusimama. Meza ikisogezwa kutoka ukutani ipakuliwe pande zote mbili, nusu saa. Meza mbili za namna hiyo, robo saa. Chakula ni kilekile na wapishi ni walewale, kimebadilika tu pale meza ilipowekwa.

Na wazee wasipange foleni. Walima wetu, karamu ya mchana baada ya nikaha, sinia moja watu 5, mnanawa, mnakula wote kwa pamoja, nani kasikia mzee kakosa? Basi hata ukumbini usiku, meza za wazee ziwekewe sinia.

Mwana wa Raskazone
Kwetu kilichokwama ni saa ya kwenye kadi. Ukiandika saa 12, anayekuja mapema anatoka tena kwenda kuswali Magharibi, akirudi amekaa kidogo ni Isha. Kwa dada yangu tuliandika saa 2 usiku, baada ya Isha. Maharusi waliingia saa 2 na dakika 20, ukumbi umejaa.

Bi Harusi wa Juzi
Shikamooni wakubwa zangu. Mimi kilichonichelewesha ni picha. Tulifika ufukweni saa 11 na nusu tukitegemea jua la jioni. Jamani, bahari yetu iko mashariki, jua linazama nyuma ya mji! Mwanga ulituishia mikononi, tukahangaika na taa mpaka usiku. Nendeni saa 10.

Na mjomba, mpwa wako alishwe. Mimi sikula tangu chai ya asubuhi. Kila nikishika kijiko mtu anakuja kupiga picha. Somo yangu, yule mama aliyenifunda, ndiye aliyenitoa nje kwa kisingizio cha kurekebisha shela, akanilisha wali kwa mkono wake nimesimama. Tengeni dakika 15 meza kuu isisogelewe na mtu.

Fundi Spika
Mkileta taarabu ya jukwaani, iwe ya mwisho. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya zamani, watu wazima hapa hawasikilizi wamekaa. Wanainuka kumtunza mwimbaji pesa, na wimbo wa dakika 10 unaondoka na 25. Usiweke kitu chochote nyuma yake.

Mjomba wa Chumbageni
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimekaa na shemeji jana tumeandika hivi: kadi saa 2 usiku, maharusi kuingia saa 2:20, utambulisho dakika 10, keki, na saa 3 kamili watu wanakula. Zawadi saa 3:45 kwa mistari miwili. Taarabu saa 4:30. Picha saa 10 alasiri. Upande wa bwana harusi bado wanataka kila kundi liingie peke yake, Jumapili ninakwenda kuwaona.

Meza ya Muheza nimeichora karibu na mlango wa jikoni.

Bi Mkubwa wa Barabara ya 8
Hapo sawa. Sinia la baba yako mkubwa litoke kabla ya la meza kuu, na ulibebe wewe mwenyewe.