Plau ya theluji kwenye SUV ya familia: nifunge au niache?

MamaNeema_MN

Wakuu habari za jioni. Nipo Minnesota, mwendo wa saa moja kaskazini ya Minneapolis, nje ya mji kabisa. Njia yangu kutoka barabarani hadi gereji ina mita 45, ya kokoto, upana mita 3. Miaka yote jirani yetu, mzee mmoja, alikuwa anatusafishia theluji kwa pikapu yake. Hela hataki, nampelekea chapati. Mwezi wa nane kauza nyumba, kahamia Arizona.

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, anaweza kumaliza wiki mbili njiani. Mimi nafanya kazi nyumba ya kutunzia wazee, zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na ninayempokea haruhusiwi kuondoka mpaka nifike. Mwaka jana jirani alipolazwa, nilichota kwa beleshi tangu saa nane usiku. Nilifika kazini mikono inatetemeka, kikombe cha chai cha bibi mmoja kikanimwagikia. Sitaki kurudia.

Nimeona tangazo la plau nyepesi, ile sahani ya chuma inayofungwa mbele ya gari kusukumia theluji, wanasema inafaa SUV. Futi 7, inainuliwa kwa winchi, inachomekwa kwenye mdomo wa inchi 2 unaofungwa chini ya bampa ya mbele. Uzito paundi 330. Gari yangu ni SUV ya viti saba ya 2016, inavuta kwa magurudumu yote manne, na ndiyo inayopeleka watoto shule. Kuna aliyefunga? Itahimili?

Papa_Lewiston

Mama Neema, pole sana. Mimi niko Maine. Huku pikapu za plau ni nyingi, hata kampuni ya Fisher ilianzia Rockland, jimbo hilihili, mwaka 1948. Sisi nyumba nne tunachanga, tunamlipa mtu mmoja kwa msimu mzima, si kwa kila theluji. Lakini mueleze mapema saa yako ya kutoka. Akikuja saa nne na wewe kazi ni saa kumi na mbili, atakuwa amekusaidia nini?

Fundi_wa_Kihonda

Dada, usifunge. Nakwambia kama mtu aliyefunga.

Nipo Moorhead, jimbo hilohilo lako. Gari yangu ilikuwa SUV ya familia kama hiyo. Nikanunua plau iliyotumika, vyuma vya kuishikilia nikachomelea mwenyewe, maana kuchomelea ndiyo kazi yangu tangu Morogoro. Wiki sita ilifanya kazi vizuri kabisa. Siku hiyo nikaingia kwenye lile tuta ambalo plau ya kaunti inaliacha mdomoni mwa njia yako. Lilikuwa limeganda usiku kucha. Mwendo wangu haukufika kilomita 10 kwa saa. Nikasikia mlio mfupi, kama fito kavu inavyovunjika. Nilipolala chini na tochi, kuchomelea kwangu kulikuwa kuzima. Kilichoharibika ni bodi: tundu la bolti lililokuwa la duara limekuwa na umbo la yai, na bati lililolizunguka limejikunja kama kifuniko cha kopo. Boneti haikufunga tena sawasawa. Bima wakakataa kulipa kwa sababu sikuwa nimewaarifu kwamba gari imefungwa plau.

Sababu ni hii. Pikapu, na SUV kama Jeep Wrangler, 4Runner au Tahoe, zina chasisi, mihimili miwili ya chuma kinene chini, na bodi imekalishwa juu yake. SUV nyingi za familia hazina. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, bati limekunjwa na kuunganishwa, na sehemu ya mbele imeundwa makusudi ijikunje gari ikigonga, ili watu wapone. Wewe unataka kusukumia tani za theluji kwa sehemu hiyohiyo.

Halafu uzito. Paundi 330 ni kilo 150, lakini ekseli ya mbele, mtaimbo unaoshika magurudumu ya mbele, itabeba zaidi ya hizo 150. Ndoo ya maji ukiikumbatia kifuani unatembea nayo. Ijaribu kwa mkono ulionyooka. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.8, na plau inaning'inia mita 1.2 mbele ya ekseli. Jumlisha upate 4, gawa kwa 2.8, zidisha kwa 150. Ni kilo 214 juu ya ekseli ya mbele, na ya nyuma inanyanyuliwa kilo 64. Breki za nyuma zinapoteza mshiko kwenye barafu, na mbele beringi, bolijointi na springi zinateseka.

Mtu atakushauri uweke mifuko ya mchanga kwenye buti. Inapunguza kidogo mzigo wa mbele, kweli, lakini inaongeza uzito wa gari zima, na watoto bado wanatakiwa kupanda.

Usiniamini kwa maneno. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Tafuta herufi GAWR. FRT ni mbele, RR ni nyuma. Huo ndio uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kila ekseli. Kisha kapime gari.

MamaNeema_MN

Ahsante fundi. Nimetoka na tochi nimesoma: FRT kilo 1,320. Mume wangu akanielekeza kwenye mizani ya malori ya kituo cha mafuta, inapima ekseli moja moja. Nikiwa peke yangu na tangi limejaa, mbele imesoma 1,175.

Fundi_wa_Kihonda

Umebakiwa na kilo 145, na unahitaji 214, bado vyuma vya kuishikilia. Haiingii. Na hapo sijagusa gia boksi, inayochemka kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara mia, wala rejeta inayozibwa upepo plau ikiwa juu, wala vihisio vya eabegi na rada ya breki vinavyokaa hukohuko mbele.

Kwa mita 45 nunua mashine ya kurusha theluji, ya hatua mbili: parafujo kubwa la mbele linakusanya theluji, feni ya nyuma inarusha kupitia bomba. Ya hatua moja usiiguse, parafujo yake inafagia chini kabisa, itakurushia kokoto madirishani. Ya hatua mbili ina viatu vya chuma pembeni. Viteremshe mpaka mdomo uwe sentimita 3 juu ya kokoto. Inchi 20 za theluji zisikutishe, ila usingoje zifike. Sentimita 20 tu za theluji laini kwenye njia yako ni mita za ujazo 27, na nikihesabu kilo 100 kwa kila moja ni tani 2.7. Hizo ndizo ulizochota kwa beleshi, dada yangu.

Lile tuta la kaunti: simama kwenye njia yako ukitazama barabara. Plau inatokea kushoto. Safisha kando ya barabara upande huo wa kushoto, mita tatu nne, ili ikipita imwage mzigo wake hapo kabla haijafika kwako. Na usirushie theluji barabarani, sheria ya Minnesota inakataza.

Bomba likiziba, zima injini, tumia kijiti. Mkono usiingie kamwe, hata injini ikiwa imezimwa. Feni inaweza kuwa imejibana na ikaruka ukiigusa. Na usiiwashe ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wake unaua.

MamaNeema_MN

Narudi kuleta majibu. Nimepata ya mkono wa pili, hatua mbili, inchi 26, kwa mtu anayehamia fleti. Usiku wa kuamkia jana zimeshuka inchi 7. Nimetoka saa tisa na nusu, saa kumi na robo njia ni safi, kokoto zinaonekana, na tuta nimeliondoa. Ile nafasi niliyosafisha kushoto imefanya kazi, tuta lilifika magotini tu. Nimeoga, nimekunywa chai, nimefika kazini dakika kumi kabla, na yule bibi nimemshikia kikombe mpaka kimeisha.

Tatizo moja: karibu na sanduku la barua nimemeza gazeti lililoganda chini ya theluji. Upande mmoja wa parafujo umeacha kuzunguka, injini inaendelea. Ninayo bolti ya ukubwa uleule kwenye boksi la mume wangu, niiweke?

Fundi_wa_Kihonda

Usiiweke! Iliyokatika ni pini ya kujitoa mhanga, imetengenezwa laini ili ikatike yenyewe kabla gia hazijavunjika. Bolti ya kawaida haitakatika, kitakachovunjika ni sanduku la gia. Angalia namba ya modeli kwenye mashine, nunua pini za modeli hiyo, chukua sita. Mbili zikae mfukoni mwa koti.