Mjadala: Je, Mlima Vinson ubadilishwe jina?

Mlima mrefu kuliko yote barani Antaktika, wenye kimo cha mita 4,892 na ulioko takriban kilomita 1,200 kutoka Ncha ya Kusini, unaitwa Vinson. Ulionwa mwaka 1958 kutoka kwenye ndege ya jeshi la wanamaji la Marekani, na mwaka 1961 kamati ya majina ya nchi hiyo ikaupa jina la Carl Vinson, mbunge wa Georgia aliyeunga mkono utafiti wa Antaktika. Mbunge huyo huyo, mwaka 1956, alitia saini tamko la wabunge wa majimbo ya kusini lililopinga uamuzi wa Mahakama ya Juu wa kukomesha ubaguzi wa rangi mashuleni.

Mimi nasema jina hilo libadilishwe.

Najua wapo watakaosema kwamba Antaktika haikuwa na wenyeji, hivyo hakuna aliyenyang'anywa jina lake. Ni kweli, na hapo ndipo Vinson unapotofautiana na Kibo cha Kilimanjaro, ambako Mjerumani Hans Meyer alikiita kilele kwa jina la Kaizari Wilhelm mwaka 1889, hadi Tanganyika ilipokiita Uhuru ilipojitawala, mwaka ule ule wa 1961. Lakini kwangu kukosekana kwa wenyeji kunaongeza uzito wa hoja. Mkataba wa Antaktika wa mwaka 1959 ulilitenga bara lile kwa ajili ya amani na sayansi, na ukasimamisha madai ya nchi zinazotaka kulimiliki. Kwa nini basi kilele chake kikuu kimtukuze mwanasiasa wa taifa moja, tena aliyetetea ubaguzi?

Hoja ya kwamba ramani zitavurugika haina nguvu. Zamani kimo chake kiliandikwa mita 5,140, kikashushwa hadi 4,897, kisha vipimo vya mwaka 2004 vikatoa hicho cha sasa, na kila mara ramani zilisahihishwa. Vilele kadhaa vya jirani, kama Clinch na Schoening, vimepewa majina ya Wamarekani waliofika huko kwa mara ya kwanza mwaka 1966, watu walioukanyaga mlima wenyewe.

Kwa kuwa kila nchi hutoa majina yake huko, hatua ya kwanza ni ya Marekani. Ningependa kuwasikia hasa waongozaji wa Kilimanjaro, wanaowapandisha wageni wanaotafuta vilele vya mabara yote saba: je, mngeuita nani?